Kampuni ya mawakili ikianza kuyumba: soma dalili, linda stahiki zako, ondoka bila doa

Kampuni kubwa ya mawakili mara chache hufa kwa kukosa wateja. Hufa kwa sababu wenye wateja wameondoka nao. Kiwanda kikifilisika huacha mashine za kuuza. Kampuni ya mawakili huacha mkataba wa pango, deni la benki na ankara ambazo wateja wameanza kuzibishia. Faida hugawiwa wabia kila mwaka, kwa hiyo akiba ya kuvumilia kipindi kigumu huwa ndogo. Mbia mwenye wateja wakubwa akitoka, mapato yanashuka lakini pango na riba vinabaki palepale. Mgao wa waliobaki unapungua, na mwingine naye anaanza kupokea simu za mawakala wa ajira. Ni kama watu wanaokimbilia benki kutoa akiba zao: hata asiye na wasiwasi anajiunga na foleni kwa sababu ameiona foleni.

Dewey & LeBoeuf ya New York iliundwa mwaka 2007 kwa kuunganisha kampuni mbili za siku nyingi na ikawa na mawakili zaidi ya 1,000. Tarehe 28 Mei 2012 iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi, baada ya miezi michache tu ya wabia kuondoka kwa makundi. Ukiwa mwajiriwa ndani ya jengo kama hilo, muda wa kujipanga ni mfupi kuliko unavyodhani. Mwongozo huu ni wa wakili aliyeajiriwa, msaidizi wa wakili, katibu muhtasari na mkuu wa kitengo. Anayeitiwa ubia wakati huu ana sehemu yake pia, na aisome mara mbili.

Dalili za kuzingatia, na za kuachana nazo

Kahawa kubadilishwa kuwa ya bei nafuu si dalili ya maana. Sherehe ya mwisho wa mwaka kufutwa nako si neno. Kampuni zenye afya njema hubana matumizi pia. Fuata pesa inakokwama na watu wanakoelekea.

Kwanza, mgao wa kila mwezi wa wabia. Wabia hawalipwi mshahara. Huchota kiasi fulani kila mwezi kutoka kwenye faida inayotarajiwa. Mgao ukichelewa hutatangaziwa, lakini utaona tabia zao zikibadilika: mbia ambaye hajawahi kumpigia mteja simu kuhusu ankara anaanza kupiga mwenyewe, na msukumo wa kukusanya madeni unaokuja kila mwisho wa mwaka wa fedha unakuwa wa kila mwezi.

Pili, marejesho ya gharama. Kama ulizoea kurudishiwa nauli na ada za mahakama ndani ya wiki mbili na sasa ni miezi miwili, kuna mtu amekaa na orodha akichagua nani alipwe na nani angoje. Watoa huduma wa nje ni kipimo kizuri zaidi: mtaalamu wa ushahidi anayedai alipwe kabla hajaandika ripoti, mkalimani anayekataa kazi, kampuni ya kusafirisha nyaraka iliyosimamisha akaunti. Hao wameshachoka kuahidiwa. Katibu muhtasari anayewapigia simu kila siku huwa anaijua hali ya kampuni kabla ya wakili mwenye faili, basi msikilize.

Tatu, nani anaondoka. Idadi peke yake haisemi kitu, maana kampuni kubwa hupoteza watu kila mwaka. Fungua tovuti ya kampuni mara moja kwa mwezi, hifadhi orodha ya wabia wa kila idara, kisha linganisha. Mzee anayestaafu si habari. Mbia wa miaka 45 mwenye wateja wake, anayeondoka na mawakili wanne wa timu yake, ni habari. Mkuu wa fedha akijiuzulu bila kuwa na kazi nyingine inayojulikana, hiyo ni habari nzito kuliko wabia watatu. Waangalie pia waliopewa ubia miaka miwili mitatu iliyopita. Hao ndio walioingiza mtaji wao karibuni, na wakianza kutoka, jua wameshaviona vitabu vya hesabu.

Nne, mazungumzo ya kuungana yaliyovunjika. Dalili hii imejirudia mno. Brobeck, Phleger & Harrison mwaka 2003, Heller Ehrman na Thelen mwaka 2008, Stroock & Stroock & Lavan mwaka 2023: zote zilikuwa zimetafuta mwenza wa kuungana naye, zikamkosa, na muda si mrefu zikavunja ubia. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Ili kuungana, kila upande hufungua hesabu zake, orodha ya wateja na mapato ya kila mbia. Mazungumzo yakifa, upande wa pili umeshajua nani ana wateja wa maana, na wabia wenyewe wameshajipima thamani yao sokoni. Kilichobaki ni simu tu. Ukisikia kwamba mazungumzo "yamesitishwa kwa makubaliano ya pande zote", hesabu miezi, si miaka.

Dalili moja hufichwa sana: wabia wapya waliovutwa kwa ahadi ya malipo yasiyobadilika, faida iwepo isiwepo. Dewey ilikuwa na wabia wengi wenye ahadi za namna hiyo. Mapato yakishuka, wenye ahadi hulipwa kwanza na wasio na ahadi hubaki na makombo, hata kama ndio walioleta kazi. Hapo ari haivunjwi na uvumi. Inavunjwa na hesabu.

Ukiwa mkuu wa kitengo

Huwezi kuiokoa kampuni kutoka kwenye kiti chako, ila unaweza kuwazuia watu wako wasichoke bila sababu. Makosa huwa mawili: kukaa kimya na kuahidi. Ukikaa kimya siku tatu baada ya mwenzao kuondoka, watajaza wenyewe yale ambayo hukusema, na watajaza mabaya. Ukiahidi kwamba "hakuna atakayepunguzwa" na ikawa vingine, hutaaminiwa tena hata ukisema saa ya mkutano.

Zungumza siku hiyohiyo, dakika kumi, kwa maneno ya aina hii: "Mwenzetu anaondoka, siku yake ya mwisho ni Ijumaa tarehe 20. Alikuwa na faili 14. Nimezigawa, orodha ni hii. Kuhusu bonasi sijaambiwa lolote, na nikiambiwa nitawaeleza siku hiyohiyo. Anayetaka tuzungumze wawili, nipo ofisini mpaka saa 11 jioni." Basi. Hakuna haja ya hotuba ya kutia moyo. Wanasheria wanaisoma haraka kuliko mkataba mbovu.

Faili za aliyeondoka zigawe ndani ya siku mbili, tena kwa kuangalia tarehe za mahakama. Usizigawe kwa kuangalia nani anaonekana hana kazi. Kinachowavunja moyo waliobaki mara nyingi ni kurithi faili 14 ambazo hawazijui, huku lengo lao la saa za kutoza, yaani saa za kazi anazolipia mteja, likibaki lilelile. Saa za kusoma faili jipya huwezi kumtoza mteja. Omba kwa maandishi saa hizo zihesabiwe kwenye tathmini ya mwaka. Ukikataliwa, waambie watu wako umekataliwa. Angalia pia upande wa pili wa shilingi: kazi ikipungua, wabia hujifungia kazi ili saa zao wenyewe zionekane, na mawakili vijana wanabaki wakikodolea macho kompyuta. Wakili aliyetoza saa 90 kwa mwezi mahali ambapo kawaida ni 150 anahitaji maandishi yanayoonyesha kwamba aliomba kazi na hakupewa. Mwandikie.

Karatasi zako, kabla hujahitaji

Kampuni ikifungwa, mfumo wa barua pepe unaweza kuzimwa siku hiyohiyo. Weka nyumbani nakala za vitu vilivyo vyako: mkataba wa ajira na marekebisho yake, hati za mshahara za miezi 12, taarifa za mfuko wa pensheni, barua yoyote iliyotaja bonasi, tathmini zako za miaka mitatu, orodha ya siku za likizo ulizobakiza, vyeti vya kuandikishwa uwakili na vya mafunzo endelevu. Taarifa za pensheni zikague kwa jicho kali. Makato yanayoonekana kwenye hati ya mshahara lakini hayajafika kwenye mfuko ni jambo la kulalamikia leo, si baada ya kufungwa.

Nyaraka za wateja usiguse. Hapa ndipo watu wengi wazuri huchafua majina yao: anajitumia rasimu za mikataba kwenye barua pepe binafsi "ili nisianze upya huko niendako". Mfumo unarekodi kila ulichotuma, na siku za mwisho mtu wa teknolojia hupewa kazi ya kukagua waliotoka. Ni kuvunja usiri wa mteja, na kampuni yenye hasira huwa inatafuta kosa la namna hiyo. Badala yake andika orodha ya kazi ulizofanya bila majina: aina ya shauri, sekta, ngazi ya mahakama au ukubwa wa muamala, na wewe ulifanya nini hasa. "Niliandaa na kuwahoji mashahidi watatu katika usuluhishi wa mgogoro wa ujenzi" inamtosha mwajiri mpya.

Gharama za kazi zidai ndani ya wiki ileile. Usikubali tena kulipia tiketi au hoteli kwa kadi yako ukisubiri kurudishiwa. Omba kampuni ilipe moja kwa moja, na wakisema haiwezekani, umepata jibu la maswali mengine pia. Saa za kazi ziandike kila jioni. Saa ambazo hazijaandikwa haziendi kwenye ankara, na bonasi yako inahesabiwa humo. Kando ya hayo, tenga akiba ya matumizi ya miezi mitatu hadi sita, na usichukue mkopo mpya unaokatwa kwenye mshahara.

Ukiitiwa ubia wakati huu

Hongera, lakini kaa chini kwanza. Kampuni inayokosa fedha ina njia tatu za kuzipata haraka: kukopa, kubana matumizi, na kuwaongeza watu wanaoingiza mtaji. Mbia mpya huombwa mtaji, na kwa kawaida benki inayoifahamu kampuni huwa tayari kumkopesha. Mkopo unakuwa kwa jina lako. Fedha zinakwenda kwenye kampuni. Ubia ukivunjika, mtaji wako unasimama nyuma ya wadai wote, huku benki ikikudai wewe kila mwezi.

Omba haya kwa maandishi kabla ya kusaini: hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, jumla ya deni la benki na masharti yake (baadhi ya mikopo huhesabika kuwa imevunjwa wabia wakiondoka kupita idadi fulani), idadi ya wabia walioahidiwa malipo yasiyobadilika na jumla yake, pensheni za wabia wastaafu zinazolipwa kutoka kwenye mapato ya sasa, miaka iliyobaki ya pango, mtaji unaodaiwa na walioondoka miezi 24 iliyopita, na unarudishwa kwa muda gani. Swali la mwisho ndilo kali kuliko yote. Kampuni inayowarudishia walioondoka mtaji wao kwa kutumia mtaji wa wapya haina biashara ya kukuuzia. Ukijibiwa kwamba taarifa hizo hutolewa baada ya kuingia, kataa kwa adabu; ubia unaweza kungoja mwaka mmoja.

Jua pia kwamba kutoka hakufuti yaliyopita. Baada ya Dewey kuanguka, wabia wake wa zamani walikubali kurudisha takriban dola milioni 70 kwa wadai ili wasishtakiwe kwa malipo waliyokwisha kupokea. Kuna na suala la kazi zilizokuwa zikiendelea. Tangu hukumu ya Jewel v. Boxer ya California mwaka 1984, wafilisi nchini Marekani walidai faida ya mashauri ambayo wabia walihama nayo. Mahakama za juu za New York mwaka 2014 na California mwaka 2018 ziliwakatalia kwa mashauri yanayotozwa kwa saa. Mahali pengine usidhani. Soma mkataba wa ubia na umuulize wakili asiye wa hapo.

Kuondoka

Una njia tatu: kumfuata mbia anayehama, kwenda kivyako, au kubaki kwa makusudi. Kumfuata mbia kunaonekana rahisi, ila uamuzi wa kuhama ni wa mteja, na wateja wakubwa huwa na mawakili kadhaa. Muulize bila kuzunguka ni kazi zipi hasa zinakuja, na usitegemee neno lake kuhusu mshahara. Pata barua ya ajira kutoka kampuni mpya yenyewe, yenye cheo, mshahara na tarehe ya kuanza. Kubaki kwa makusudi si ujinga ikiwa umebakiza miezi michache kukamilisha sifa fulani au shauri kubwa litakalokutangaza, mradi karatasi zako na akiba viko tayari.

Kwenye usaili utaulizwa kwa nini unaondoka, na wanaokuuliza wanajua hali ya kwenu. Sema: "Kitengo chetu kimepungua, na kazi ninayotaka kubobea nayo haipo tena kwa wingi." Nyamaza hapo. Anayemwaga siri za kampuni ya zamani anaonyesha atakavyozifanya za hii.

Kampuni mpya itahitaji kuangalia mgongano wa maslahi, na kwa hilo inabidi itajiwe wateja na wapinzani wao. Toa majina na maelezo ya mstari mmoja tu, tena mazungumzo yakiwa yamefika mbali, wala si kwenye kahawa ya kwanza na wakala. Kama hata kutaja jina tu kungemdhuru mteja, mathalani anayepanga kununua kampuni nyingine kimyakimya, usilitaje. Waachie viongozi wa pande zote mbili watafute njia.

Siku ya kutoa taarifa, anza na mbia unayewajibika kwake, ana kwa ana, kisha barua siku hiyohiyo yenye sentensi mbili: unajiuzulu, na siku ya mwisho ni ipi kwa mujibu wa mkataba. Usiwaandikie wateja kabla. Marekani, chama cha kitaifa cha mawakili kilieleza katika maoni yake rasmi namba 489 ya Desemba 2019 kwamba wateja ni vema wapewe taarifa ya pamoja, na kwamba kampuni haiwezi kutumia muda wa notisi kumfunga wakili kwa namna inayomnyima mteja uhuru wa kuchagua. Uingereza hali ni nyingine: mikataba ya wabia huweka notisi ya miezi sita au hata mwaka, na mahakama huikubali ikiwa ni ya kiasi. Wakili kijana asiye na mteja wake mwenyewe haandiki barua kwa mteja hata kidogo.

Makabidhiano ndiyo kazi yako ya mwisho, na watu watakukumbuka kwayo. Ukurasa mmoja kwa kila faili, tarehe zikitangulia. Kwa mfano:

"Shauri la ardhi, mteja ni mnunuzi. Linatajwa tarehe 14 mwezi ujao, saa 3 asubuhi. Majibu ya maombi ya zuio yawasilishwe kabla ya tarehe 9. Rasimu ipo kwenye mfumo, aya ya 6 hadi 11 zinangoja kiapo cha mteja. Hati halisi ya umiliki ipo kwenye sefu, namba ya risiti imeandikwa ndani ya jalada. Akaunti ya amana ina fedha za mthamini, hajalipwa. Mteja hajibu barua pepe. Apigiwe simu baada ya saa 10 jioni."

Kinachosahaulika kwa wingi ni hati halisi na fedha zilizo kwenye akaunti ya amana, yaani fedha za wateja ambazo kampuni inawatunzia tu. Kama jina lako liko kwenye rekodi ya mahakama, hakikisha hati ya kubadilisha wakili imewasilishwa. Bila hiyo, mahakama inaendelea kukutambua wewe.

Kampuni ikifungwa ukiwa ndani

Fedha za wateja hazilipi mishahara, hata kwa siku mbili, hata akiagiza mbia msimamizi mwenyewe. Ukiombwa kuidhinisha uhamisho usioeleweka kutoka akaunti ya amana, kataa kwa maandishi na uijulishe mamlaka inayosimamia mawakili. Kampuni ya mawakili ya Axiom Ince ya Uingereza ilifungwa na mamlaka ya namna hiyo Oktoba 2023 baada ya kugundulika kwamba zaidi ya pauni milioni 60 za wateja hazipo.

Kuhusu notisi, sheria hutofautiana. Marekani, mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi anatakiwa kutoa siku 60 kabla ya kufunga au kupunguza watu wengi, ingawa kuna msamaha kwa kampuni iliyokuwa bado ikihangaika kupata mtaji. Uingereza, kupunguza watu 20 au zaidi kunahitaji mashauriano ya siku 30, na 100 au zaidi siku 45. Andika dai lako kwa mfilisi ukitenganisha mshahara, likizo, marejesho na bonasi, kila kimoja na ushahidi wake, kabla ya tarehe ya mwisho iliyotangazwa. Katika ufilisi wa Marekani, mishahara ya siku 180 kabla ya maombi hupewa kipaumbele hadi kiwango fulani. Inayozidi hapo inapanga foleni na wadai wa kawaida.

La mwisho ni bima ya makosa ya kitaaluma. Bima hii hulipa kwa kuangalia siku dai linapoletwa, si siku kosa lilipofanyika. Kampuni ikifungwa, kazi yako ya miaka mitatu iliyopita inaweza kudaiwa wakati hakuna bima hai. Uingereza sharti ni kinga ya ziada ya miaka sita. Kwingine hununuliwa, na kampuni isiyo na fedha huenda isinunue. Omba nakala ya cheti cha bima na namba ya mkataba wake wakati ofisi ya utawala bado ina mtu wa kukujibu, kisha uiulize kampuni mpya kama bima yao inagusa kazi ulizofanya kabla ya kujiunga nao.